Mashini ya boti ya umeme hapa Amu (Lamu): yenyewe naipa nyota nne, kampuni naipa moja na nusu

Wengi mmekuwa mkinisimamisha pale jeti kuniuliza habari ya hii mashini ya umeme niliyofunga kwenye boti, hata manahodha wa Malindi na Watamu wananipigia, basi naandika hapa mara moja nisiwe narudia maneno yale yale kila siku. Kwa mwenye haraka: mashini ni nzuri kuliko nilivyodhania, hao wenye kuikodisha ndio bado sana, na kama safari zako ni za mbali, za Faza au Kizingitini, usijisumbue hata kuuliza bei.

Jina la kampuni silitaji, wenye kujua wanajua, na sina haja ya simu za mawakili. Mpango wao uko hivi, hawauzi, wanakodisha. Unaweka dipoziti, wanakuja na fundi wao anakufungia mashini nyuma ya boti, unapewa betri mbili na chaja, halafu kila siku unalipa shilingi 900 kwa M-Pesa, ukilipa mashini inafunguka, usipolipa inajifunga yenyewe kwa sababu ndani mna laini ya simu inayoongea na ofisi yao huko Nairobi. Kuchaji unachaji kwenye kituo chao chenye paneli za sola au nyumbani kwako kwa stima yako. Yangu ni ya kilowati 6, wao wanakwambia ni sawa na ile ya petroli ya nguvu za farasi 9.9, mimi nasema ni sawa na 8 tena siku bahari imetulia. Boti yangu ni fiberi ya futi 23, na kabla ya hapo ilikuwa na mashini ya 15 ya stroki mbili, ile ile tuliyonayo wote hapa.

Tuanze na pesa manake najua ndio mnachotaka kusikia. Siku ya kawaida ya kuzunguka Amu, Shela na uwanja wa ndege wa Manda ile ya zamani ilikuwa inakula lita kumi hivi za petroli na juu yake oili ya kuchanganya, yaani hujatia kitu mfukoni karibu elfu mbili imeshaondoka. Na bei huijui mpaka EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, watangaze tarehe 14 ya mwezi, mtakumbuka 2023 petroli ilipopita shilingi 210 kwa lita na nauli zetu zikabaki pale pale kwa sababu abiria ni watu wetu, utamwongeza nani. Sasa hivi betri zote mbili zikijaa ni uniti 10 za stima, tuseme mia tatu kwa tokeni, ongeza 900 ya kodi ni 1,200. Kwa hio kila siku ya kazi nabaki na mia saba au nane ambazo zamani zilikuwa moshi.

Lakini hio 900 unalipa hata siku ya upepo mkali wa kusi boti imelala, hata siku ya msiba. Ati kwenye apu kuna sehemu ya kusimamisha, ukienda kuangalia ni siku mbili tu kwa mwezi. Petroli usipotoka hununui, hii usipotoka unalipa. Mwezi wa Julai mimi nilitoka bure kabisa, kilichobaki kwa siku nzuri kimeliwa na siku mbovu. Kwa hio ukipiga hesabu usipige kwa Desemba wageni wamejaa, piga kwa Juni na Julai halafu uamue.

Sasa mashini yenyewe. Kuna kitu hakuna mtu alinieleza wakati wa kufunga, nimekielewa kwa kusoma soma na kwa kukaa naangalia kile kioo kidogo kinachoonyesha chaji. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9. Betri zangu zote mbili, kilo 90 kwa pamoja, zina uniti 10. Yaani nabeba kilo 90 za betri kupata nishati ya lita moja na kidogo ya petroli! Utasema basi hio si kazi, na bado nafanya kazi ya siku. Sababu ni kwamba ile ya petroli nguvu nyingi inaishia kwenye joto na kelele, na hizi za stroki mbili za kabureta tunazotumia sehemu ya mafuta, hata robo na zaidi, inatoka nje haijaungua, inaingia baharini mbichi. Tulikuwa tunalipia lita nne moja inaenda kulisha samaki. Mota ya umeme karibu yote inayokula inafika kwenye propela.

La pili ni mkono, ule wa kuongeza na kupunguza mwendo. Mwendo na nguvu haviendi sambamba, ukitaka boti iende mara mbili propela inataka nguvu kama mara nane. Kwenye petroli hatukuwa tunaliona hili, tunafungua yote tunaondoka, mtungi ukiisha tunanung'unika bei. Hapa kioo kinakuambia usoni: nikifungua yote kinaandika saa moja na nusu imebaki, nikirudisha mkono kidogo tu kinaandika masaa manne. Mwendo umepungua kiasi abiria hata hajagundua. Nimejifunza kuendesha upya ukubwani, na kijana wangu wa boti yeye alishika siku ile ile kwa sababu amezoea betri ya simu, anaihurumia betri kuliko anavyonihurumia mimi.

Bahari ndio imenifundisha mipaka yake. Maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, hii mashini ni raha tupu, unakwenda Shela unarudi, unavuka Manda unarudi, huna habari. Ikifika bamvua, mkondo ukiwa mkali, maji yanatoka kwenye mkondo wa Amu na Manda na wewe unapanda dhidi yake, hapo mashini ya kilowati 6 inapiga kelele kidogo kwa mara ya kwanza na boti inakwenda kama haitaki, na chaji unaiona inashuka huku mnara wa pale ng'ambo hausogei. Kwa hio nimerudi kwenye elimu ya wazee, naangalia maji kabla ya kutoka, naambaa kando ambako mkondo ni mwepesi, safari za Mokowe nazipanga na maji. Wazee wa jahazi walikuwa wanafanya hivyo maisha yao yote, sisi wa mashini ya 15 ndio tulisahau. Sijui nifurahi au nikasirike kwamba imebidi kije kitu cha lithiamu kunirudisha huko.

Kupitia mfereji wa Mkanda kwenda kisiwa cha Pate nakataa. Mnaujua wenyewe, Mkanda unapita maji yakijaa tu, mikoko huku na huku, ukikosea saa unakaa juu ya matope mpaka maji yarudi. Na petroli ukiishiwa kuna mtu atapita na mtungi atakupa lita mbili mkalipana mbele. Chaji nani atakupa? Hakuna mtu anapita Mkanda na uniti mbili mkononi. Wale wavuvi walioniuliza nimewaambia kweli kabisa, hii bado haijatengenezwa kwa ajili yenu. Tangu bandari ya Lamu ichimbwe na gati la kwanza kufunguliwa Mei 2021 wavuvi wetu wanasukumwa mbali zaidi, Mahakama Kuu ilishasema 2018 kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara hio, sasa mtu ambaye maeneo yake ya karibu yameharibiwa anayeenda bahari kuu ndio unamletea mashini ya masaa manne? Teknolojia hii kwa sasa ni ya sisi wa mwendo mfupi wenye abiria na wageni, yaani waliokuwa na unafuu kidogo ndio wamepata unafuu zaidi. Ni kweli inauma lakini ndivyo ilivyo.

Kelele. Hapa ndipo naipa nyota zote. Mwanzo masikio yanakuwa mazito, unasikia maji yanapiga ubavu, unasikia adhana ya Shela ukiwa bado kati kati, unasikia na mambo ya abiria ambayo zamani mashini ilikuwa inayafunika, kina mama wa nyuma wamejifunza kunong'ona. Wageni ndio wanaiulizia sasa, kuna nyumba za wageni Shela wananipigia mimi kabla ya wengine kwa sababu ya ukimya tu. Na chini ya maji nadhani tofauti ni kubwa zaidi kuliko juu, sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hio kelele zetu za kila siku pale mkondoni zilikuwa zinafika mbali sana na sisi hatujui.

Ila ukimya una hatari yake na hili kampuni hawakuligusia kabisa. Watoto wanaoruka pale ukingoni kuogelea wamezoea kusikia boti kwanza ndio wainue kichwa. Mimi sasa nikikaribia inabidi nipige mayowe mwenyewe, nimenunua na filimbi. Mzee mmoja wa mashua alinigeukia ghafla nikiwa karibu yake akaniambia "Hini mashini yako ni kama mwivi, mtu hayui kama yuko hata afike." Yuko sawa. Honi ya kawaida ya boti ingekuja na mashini tangu kiwandani, na taa ya kuonekana, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na dipoziti tuliyoweka.

Bahari yenyewe nayo inaonekana tofauti pale ninapofunga boti. Zamani asubuhi ule utando wa rangi rangi wa mafuta juu ya maji ulikuwa hauniondoki, kamba ya nanga inateleza, mikono inanuka. Nyuma ya boti yangu sasa maji ni maji. Ni boti moja tu najua, pale jeti tuko wengi na utando haujaenda popote, lakini tukumbuke mikoko ya kaunti yetu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ndani ya mizizi ile ndimo samaki na kaa wanalelewa, mafuta yetu yote yanaishia kule maji yakijaa.

Kuna wale wanasema ah umeme nao unatoka kwenye moshi tu, umehamisha uchafu kwa mwenzio. Mahali pengine duniani ni kweli. Kwetu Kenya sehemu kubwa ya stima ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa, upepo wa Turkana ambao peke yake ni megawati 310, na hapo jirani zetu wa Malindi wana shamba la sola Langobaya la megawati 52 tangu mwisho wa 2021. Na tusisahau ilivyokaribia kuwa vingine, walitaka kutujengea mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, watu wa Amu wakakataa wakaenda kushtaki, na Juni 2019 baraza la mahakama la mazingira likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ungejengwa ule leo hii mashini yangu ingekuwa inanywa makaa na mimi nawadanganya wageni kwamba ni safi. Shida ya stima yetu ni kukatika. 2023 nchi nzima ilizimwa Agosti, Novemba na Desemba, na hizi za kila wiki za hapa Amu hazihesabiki. Usiku stima ikikatika asubuhi una nusu ya betri, na kwenye kituo chao cha sola foleni, chaji ni masaa matano na nafasi ni chache, anayetangulia ndio mwenye siku.

Betri nimesoma karatasi yake, ni lithiamu ya chuma na fosfeti, haina kobalti. Nilitaka kujua hilo kwa sababu kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, kule Kolwezi, na habari za watoto kwenye yale mashimo tumezisikia wote, sikutaka kupata bahari safi kwa mgongo wa mtoto wa mtu. Aina hii pia inavumilia joto zaidi na haishiki moto kirahisi, ingawa uzito ndio huo. Kila betri kilo 45. Maji yakiwa makavu boti iko mbali juu ya mchanga na wewe unataka kupeleka betri kuchaji, ni watu wawili kwenye matope mpaka magotini, kishikio chake ni chembamba kinakata kiganja, ukifika juu unatafuta punda. Ndio, betri ya kisasa ya mashini inayoongea na Nairobi inapandishwa gengeni na punda wa mchanga, na punda analipwa hamsini kila upande ambayo kwenye hesabu zao za faida haimo. Wangeweka magurudumu au wangegawa betri ziwe nne ndogo ndogo tungewashukuru.

Sasa niwaeleze ile nyota moja na nusu.

Siku moja nina abiria wa ndege, watu wanne na mabegi, asubuhi. Nimelipa 900 yangu mapema, ujumbe wa M-Pesa ninao kwenye simu. Nabonyeza kuwasha, kioo kinaandika malipo hayajapokelewa. Nazima nawasha, hivyo hivyo. Napiga simu huduma kwa wateja, muziki. Muziki tena. Anakuja dada mpole sana anasema mtandao wao una hitilafu, tafadhali subiri dakika thelathini. Ndege haisubiri dakika thelathini! Betri imejaa, propela nzima, bahari imelala, na boti haiendi kwa sababu kompyuta iliyoko Nairobi haijasoma ujumbe. Kijana akachukua upondo, mimi kasia, tukajisukuma mpaka boti ya mwenzetu ikatuvuta. Nauli nikampa mwenzetu yote. Kampuni niliwaandikia wakanirudishia siku moja ya kodi, yaani 900, na pole.

Hio ndio imenikaa. Ile mashini ya petroli ikigoma unajua imegoma kwa nini, plagi imelowa, kabureta imeziba, unafungua unapuliza unafunga unaondoka. Hii haikugoma, ilikatazwa. Na ingekuwa ni kati kati ya bahari na upepo? Wananiambia haiwezi kujifunga ikiwa inatembea, ni pale tu inapowashwa. Sawa, lakini baharini mtu anazima anavuta mshipi, anazima anapakia mtu Manda. Lazima iwe na masaa ya ruhusa hata kama hujalipa, hilo ni suala la uhai wa watu.

Halafu fundi. Hapa Amu tuna mafundi wa mashini ambao wanajua sauti ya ugonjwa kabla hujafika. Hii wameambiwa wasiiguse, imefungwa kwa skrubu za kichwa ambacho bisibisi zetu haziingii, na ukifungua garanti imekufa. Chumvi ya hapa haina mchezo, kile kipande cha zinki kinachotakiwa kuliwa badala ya mashini kilikuwa kimeisha na mimi nakiona kwa macho, kitu cha kubadilisha kwa dakika kumi, nikaambiwa nisubiri fundi wao yuko Mombasa. Nikasubiri wiki. Fundi wangu wa siku zote alikuwa anapita pale ananiangalia hasemi kitu. Yeye na vijana wanaouza petroli ya mitungi pale jeti ndio hawana wimbo kwenye matangazo ya kampuni, boti zote zikienda umeme wao wanaenda wapi? Mimi nimewaambia kampuni wachukue watatu wanne wa hapa wawafunze. Si kwamba kwetu hakuna mikono. Jahazi la Flipflopi limejengwa hapa kwa plastiki iliyookotwa, tani kama 10, na ndara kama 30,000, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likatembea mpaka Zanzibar, kilomita kama 500. Lilikuwa jambo jipya hata kwa wazungu, na waliolipigilia ni mafundi wetu, kwa hio likipasuka wanaliziba wenyewe.

Jingine ni hiki kifaa cha kufuatilia. Mashini inaandika kila nilipopita, saa ngapi, kwa mwendo gani. Wao wanasema ni kwa ajili ya wizi, na kweli mashini zinaibiwa, lakini ramani zangu zote ziko kwao. Mimi wa abiria sina siri kubwa. Mvuvi je? Mwamba wako wa samaki uliorithi kwa babako, hujamwambia hata shemeji, unauandika kila siku kwenye kompyuta ya mtu. Na huku kwetu mambo ya usalama mnayajua, mtu kupita mahali usiku kunaweza kuulizwa. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inakupa haki ya kuuliza wana nini chako na wanampa nani. Nimewaandikia barua pepe kuuliza. Nimejibiwa kwamba swali langu limepokelewa.

Na betri ikifa? Hapa betri ya gari ya kawaida ikifa watu wa chuma chakavu wanaigombania kwa sababu ya risasi iliyomo, hii ya lithiamu hakuna anayeitaka. Dunia ilitoa taka za elektroniki tani milioni 62 mwaka 2022 na hata robo yake haikurejelezwa kwa njia inayojulikana. Kenya tuna sheria ya taka ya 2022 inayosema mwenye kuleta bidhaa sokoni ndio awajibike nayo mpaka mwisho wake. Kwenye mkataba wangu betri ni mali ya kampuni, kwa hio mzigo ni wao, hilo kwa kweli ndio faida moja ya kukodi badala ya kununua. Lakini pale nyuma ya kituo chao nimeona betri mbili zilizovimba zimewekwa juu ya mbao chini ya turubai, mvua inapiga, na kisima cha watu hakiko mbali. Nilipouliza nikaambiwa zinasubiri meli. Kila nikipita bado zinasubiri.

Mkataba wangu unaisha kabla ya kusi kuingia. Nimewapelekea masharti yangu kwa maandishi: masaa 24 ya ruhusa malipo yakigoma, fundi wa hapa hapa Amu mwenye vifaa vyao, siku za kusimamisha ziwe kumi wakati wa kusi, na zile betri chini ya turubai ziondoke. La fundi wamekubali, wanatafuta vijana wawili wenye cheti, ingawa mafundi ninaowajua mimi wana miaka ishirini ya kazi na cheti hawana. Kuhusu masaa ya ruhusa wanasema watalipeleka kwa wahandisi. Mengine kimya. Mashini yangu ya 15 sijaiuza, iko chumbani imefunikwa, na anayetaka kuijaribu hii ya umeme kabla hajaweka dipoziti yake aje jeti asubuhi maji yakiwa yamejaa, nitampa mkono aendeshe mpaka Shela, nauli ni ile ile.